Namna ya Kuusoma na Kuufuata Mwongozo wa Kozi ya Biolojia ya Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu

Katika kipindi cha kwanza cha kozi ya biolojia ya mwaka wa kwanza, kabla seli wala jeni hazijatajwa, mhadhiri hugawa karatasi tatu au nne zilizobanwa pamoja, au huziweka kwenye mfumo wa chuo wa kujifunzia, kisha huwaambia wanafunzi wakazisome. Karatasi hizo ndizo mwongozo wa kozi. Ndani yake mna ratiba ya mada wiki kwa wiki, mgawanyo wa alama, tarehe za majaribio, kanuni za maabara, masharti ya mahudhurio na adhabu za udanganyifu. Nimesimamia vikundi vya maabara vya mwaka wa kwanza kwa mihula kadhaa hapa Tanzania, na naweza kusema bila kusita kwamba wengi wa waliopata taabu katika kozi hii hawakushindwa na ugumu wa biolojia. Walikuja na ufaulu mzuri wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) kutoka kidato cha sita, lakini hawakujua kozi inawadai nini mpaka wiki ya kumi na mbili, wakati ambapo kilichopotea hakikuwa na namna ya kurudi. Makala hii inaeleza jinsi ya kuusoma mwongozo huo na jinsi ya kuielewa sababu iliyo nyuma ya kanuni zake, kwa kuwa nyingi ya kanuni hizo zimetoka kwenye chanzo kimoja: mwanabiolojia anatakiwa kuripoti kile alichokiona yeye mwenyewe.

Anza kwa kupiga hesabu

Ukurasa wa kusoma ukiwa na kalamu mkononi ni ule wa mgawanyo wa alama. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vingi vya Tanzania, kazi za muhula, ambazo wanafunzi huziita koswek, hubeba alama 40, na mtihani wa mwisho wa muhula, yaani UE, hubeba alama 60. Vyuo vingi vya Kenya hugawa 30 kwa majaribio ya muhula, yaani CAT, na 70 kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo usiichukue hesabu ya ndugu yako anayesoma Nairobi ukaitumia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mfumo wa Dar es Salaam ufaulu huanzia alama 40, ambazo ni C. B huanzia 50, B+ huanzia 60 na A huanzia 70.

Tuseme mwongozo wako umezigawa zile alama 40 kama ifuatavyo: majaribio mawili yenye alama 10 kila moja, kwizi za darasani alama 5, na maabara alama 15 zilizotandazwa kwenye mazoezi manane. Gawanya 15 kwa 8 utaona kwamba kila zoezi la maabara lina thamani ya alama karibu 1.9. Mwanafunzi anayekosa mazoezi mawili bila sababu inayokubalika, kisha akaandika ripoti moja usiku wa manane na kupata nusu ya alama zake, amepoteza zaidi ya alama nne katika mia kabla hajaketi kwenye chumba cha mtihani. Alama nne ndiyo tofauti ya 58 na 62, yaani B na B+, na katika wastani (GPA) unaohesabiwa kwa 5 hiyo ni tofauti ya pointi 3 na pointi 4 kwa kozi nzima. Fanya hesabu hii kwa namba za mwongozo wako mwenyewe, uiandike pembeni ya ukurasa, maana alama ya maabara huonekana ndogo ikiwa peke yake na watu huidharau kwa sababu hiyo. Angalia pia kama chuo chako kimeweka kiwango cha chini cha koswek. Baadhi ya vyuo havimruhusu mwanafunzi kufanya UE ikiwa hajakifikia, na sharti hilo aghalabu huandikwa kwa sentensi moja tu ambayo ni rahisi kuipita.

Hesabu ya pili ni ya muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 basi inakudai saa 120, na muhula ukiwa wa wiki 15 hizo ni saa nane kila wiki. Ikiwa ratiba inaonyesha saa mbili za mihadhara na saa tatu za maabara, zinabaki saa tatu ambazo hakuna mtu atakayekupangia wala kukuulizia. Zipange siku ile ile unayopokea mwongozo, uzitaje kwa siku na saa, na uziheshimu kama unavyoheshimu kipindi chenye mhadhiri. Tarehe za majaribio na za kukusanya ripoti zihamishe zote kwenye karatasi moja, pamoja na zile za kozi nyingine, ili uone mapema wiki ambazo kazi tatu zitakuangukia kwa pamoja.

Maabara: mahali ambapo kozi inaishi

Karibu kila mwongozo una sentensi isemayo kwamba zoezi la maabara lililokosekana halirudiwi, na karibu kila muhula wapo wanaoiona kuwa ni ukali usio na sababu. Sababu ipo, na inaonekana kwa yeyote atakayefika maabara saa moja kabla ya kipindi. Fundi sanifu wa maabara anakuwa ameshaamka alfajiri kuandaa kimeng'enya (enzyme) ambacho kesho kitakuwa kimeharibika, amekata viazi, amepima miyeyusho mitano, amejaza chupa za iodini kwa meza kumi na mbili na kuzikagua hadubini moja moja. Hayo hayawezi kuandaliwa upya kwa ajili ya mtu mmoja siku ya Ijumaa. Mfikie fundi huyo kwa adabu, shikamoo yako iwe ya kweli ikiwa ni mtu mzima kuliko wewe, na jina lake ulijue kabla ya wiki ya pili. Ndiye atakayekusaidia hadubini yako itakapokataa, na mara nyingi ana uzoefu wa mikono kuliko yeyote mwingine chumbani humo.

Mavazi yanasemwa kwa ufupi: koti la maabara lililofungwa vifungo, viatu vya kufunika mguu wote, nywele ndefu zimefungwa, na ncha za mtandio au hijabu zimeingizwa ndani ya koti zisiguse moto wala kemikali. Ndala haziruhusiwi hata kama kipindi ni cha kuangalia majani tu, kwa sababu glasi hupasuka katika vipindi vya aina zote. Ikiwa fedha za kujikimu hazijaingia, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyemaliza maabara zake akuuzie koti lake kwa bei nafuu. Wengi huwa nayo kabatini. Usile, usinywe, na usiweke simu juu ya meza ya kazi kisha ukaipeleka sikioni. Mwenye pumu, mwenye mzio wa formalini inayohifadhia vielelezo, mjamzito, au mwenye jambo la dini linalohusu mnyama fulani anayepasuliwa, amweleze mkufunzi katika wiki ya kwanza kwa faragha. Katika wiki ya kwanza jambo hilo hupatiwa njia mbadala bila shida, lakini likitajwa mlangoni siku ya zoezi lenyewe huwa limeshakuwa tatizo.

Sasa nikueleze zoezi moja kwa karibu, kwa sababu matarajio yote ya kozi yamo ndani yake. Ni lile la ngozi ya kitunguu, ambalo vyuo vingi huanza nalo. Unakata kitunguu, unatoa gamba moja nene, na kwa upande wake wa ndani unabandua utando mwembamba unaopitisha mwanga. Unautandaza juu ya tone la maji kwenye kioo cha slaidi, usijikunje, unadondosha tone la iodini, kisha unashusha kioo chembamba cha kufunikia kwa kukiinamisha upande mmoja, ukikizuia kwa sindano mpaka kilale chenyewe. Kukiinamisha huko ndiko kunakoipa hewa nafasi ya kutoka. Ukikiangusha bapa, hewa inanaswa chini yake na kuwa mapovu.

Kwenye hadubini anza na lenzi ndogo kuliko zote, ile ya 4, yaani inayokuza mara nne. Jukwaa, yaani pale slaidi inapokaa, lipandishe karibu na lenzi huku ukitazama kwa ubavuni, kisha uweke jicho na kulishusha polepole kwa kirekebishi kikubwa mpaka picha ije. Ukiipata, isogeze katikati, hamia lenzi ya 10, halafu ya 40, na kuanzia hapo usiguse tena kirekebishi kikubwa, tumia kile kidogo tu. Anayekimbilia lenzi ya 40 moja kwa moja hupasua kioo, na wakati mwingine huikwaruza lenzi ambayo bei yake ni kubwa kuliko ada ya kozi hii. Kwa kuwa lenzi ya jicho kwa kawaida ni ya 10, sasa unaona kitu kikiwa kimekuzwa mara 400. Utaona seli ndefu zilizopangwa kama matofali ya ukuta, na ndani ya nyingi kati yake doa lililopata rangi ya manjano inayoelekea kahawia, limesukumwa pembeni. Hicho ndicho kiini. Ukiona duara kamilifu lenye ukingo mnene mweusi na katikati peupe, hilo ni povu la hewa, nalo halichorwi.

Mchoro una kanuni zake, na kila moja inapimwa kwa alama. Unachorwa kwa penseli ya HB, kwa mistari safi isiyokatika wala kurudiwa, bila kivuli, na uchukue angalau nusu ya ukurasa. Mistari ya majina ivutwe kwa rula, isipishane, na majina yapangwe upande mmoja. Kichwa cha mchoro kitaje ni nini kilichochorwa na kimetoka kwa kiumbe gani. Chora seli tatu au nne ulizoziona kweli, usijaze ukurasa kwa matofali yanayofanana ambayo macho yako hayakuyaona. Jina la kisayansi la kiumbe liandikwe kwa sehemu mbili, ya kwanza ikianza kwa herufi kubwa na ya pili kwa ndogo, na kwa mkono kila sehemu ipigiwe mstari wake peke yake: Allium cepa kwa kitunguu, Zea mays kwa mahindi. Utaratibu huu wa majina mawili ulijengwa na Linnaeus katika karne ya 18, na mkaguzi wa ripoti hana huruma nao hata kidogo.

Kosa linalowanyang'anya alama wengi ni kuandika chini ya mchoro kwamba ukuzaji ni mara 400. Hiyo ni kazi ya hadubini; mchoro una ukuzaji wake. Angalia lenzi ya jicho. Ikiwa imeandikwa 10x/18, ile 18 ni kipimo cha eneo la kuonekana kwa milimita, basi kwa lenzi ya 40 kipenyo cha eneo unaloliona ni milimita 18 ukigawanya kwa 40, yaani 0.45. Seli inayochukua zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo hicho ina urefu wa kama milimita 0.25. Ikiwa wewe umeichora kwa urefu wa milimita 90, ukuzaji wa mchoro wako ni 90 ukigawanya kwa 0.25, ambao ni mara 360. Hesabu hii haichukui dakika mbili, na mara moja inamwonyesha msomaji wa ripoti kwamba uliipima seli.

Data ya kikundi, ripoti ya mtu mmoja

Hapa ndipo wengi huanguka, tena wengine bila nia mbaya, kwa sababu kozi inawaambia mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Mnafanya kazi watu wanne kwenye meza moja, mnapima pamoja, na namba zenu ni zile zile. Kisha mnaambiwa kila mtu aandike ripoti yake na anayenakili ataadhibiwa. Mpaka uko hivi: namba mlizopima pamoja ni mali ya wote wanne na zitafanana katika ripoti zote nne, na mwongozo ukidai hivyo, wewe uwataje wenzako kuwa mlipima nao. Grafu, michoro, maelezo ya matokeo, ufafanuzi wa sababu na hitimisho ni vyako peke yako. Mnaruhusiwa kujadiliana mpaka usiku kuhusu kwa nini kiazi kimepungua uzito, lakini mkimaliza mjadala fungeni madaftari, kila mtu aende akaandike bila karatasi ya mwenzake mbele yake.

Muhula mmoja nilikuwa nasahihisha ripoti za lile zoezi la kitunguu. Katika ripoti moja, kwenye seli ya juu kulia, palikuwa na duara kamilifu lenye mstari mnene, na jina lililoandikwa pembeni yake lilikuwa kiini. Lilikuwa povu. Niliweka alama nikaendelea. Baada ya ripoti chache nikalikuta duara lile lile, kwenye seli ile ile ya juu kulia, kisha tena, na tena. Ripoti nne kutoka meza tatu tofauti. Povu la hewa linakuwa kwenye kioo kimoja tu duniani, haliwezi kuwa kwenye vinne. Wote wanne walipewa sifuri kwa zoezi hilo, na taarifa ikaingia kwenye majalada yao. Kilichoniuma zaidi ni kwamba watatu kati yao walikuwa wametengeneza slaidi nzuri kwa mikono yao wenyewe. Nilikuwa nimepita kwenye meza zao na kuviona viini vyao vimekaa wazi kabisa. Walikuwa na ukweli chini ya lenzi, wakauacha, wakaamini karatasi ya mtu mwingine.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini kubadilisha namba kunahesabiwa kuwa kosa zito sawa na kunakili. Katika zoezi la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye ukolezi mkubwa zaidi, unapima vipande vya kiazi, unaviloweka kwenye miyeyusho ya sukari yenye ukolezi unaopanda, kisha unavipima tena. Kipande kilichokuwa na gramu 3.20 kikawa na 3.52 kimeongezeka kwa asilimia 10. Ukichora grafu ya asilimia hizo, mstari unashuka kadiri sukari inavyoongezeka, na pale unapokata sifuri ndipo maji hayaingii wala hayatoki kwa jumla. Mara nyingi nukta moja hukataa kukaa kwenye mstari. Mwanafunzi mwoga huisukuma ili grafu ipendeze. Mwanafunzi anayeelewa kozi inataka nini huiacha pale ilipo, kisha anaandika kwamba kipande kile hakikufutwa maji vizuri kabla ya kupimwa mara ya pili, au kwamba kilikuwa na ganda upande mmoja. Mimi humpa huyu wa pili alama zaidi, na wasahihishaji wenzangu ninaowafahamu hufanya hivyo pia, kwa kuwa maelezo ya nukta iliyokataa yanathibitisha kwamba aliyeandika alikuwepo. Namba ziandikwe kwa usahihi wa mizani yenyewe: mizani ikisoma 3.50, usiandike 3.5.

Kuhusu programu za akili unde, soma neno kwa neno kile ambacho mwongozo wako umeruhusu, maana vyuo na hata wahadhiri wa idara moja hutofautiana. Palipo kimya, uliza kwa maandishi kabla ya kutumia. Kwa maoni yangu hakuna ubaya kumwomba mashine akueleze kwa njia tatu tofauti jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi, ilimradi ulinganishe na kitabu cha rejea. Kumwachia akuandikie ufafanuzi wa matokeo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hakuona kiazi chako. Tena programu hizo huweza kutunga marejeo ambayo hayapo, na mkaguzi huyagundua kwa kutafuta kichwa kimoja tu cha makala.

Ukiumwa au ukipatwa na msiba

Toa taarifa kabla ya kipindi ikiwezekana, na kama haiwezekani, ndani ya muda uliotajwa kwenye mwongozo. Chukua karatasi ya daktari au ED, yaani hati ya kuruhusiwa kutohudhuria kwa ugonjwa, kutoka zahanati siku ile ile unayotibiwa, kwa sababu inayotafutwa wiki mbili baadaye hutiliwa shaka hata ikiwa ya kweli. Andika barua pepe kwa anwani ya chuo, ukitaja jina lako kamili, namba ya usajili, msimbo wa kozi, kikundi chako cha maabara na tarehe ya zoezi, kisha sababu kwa sentensi moja au mbili. Mwite mhadhiri kwa cheo chake, Daktari au Profesa, na ukiwa huna hakika, Mwalimu ni neno ambalo halimvunjii heshima mtu. Kumtuma CR, yaani mwakilishi wa darasa, akusemee hakutoshi. Yeye ni daraja la darasa zima na hawezi kubeba siri za afya yako. Ripoti iliyochelewa ikusanye hata hivyo, kwa kuwa miongozo mingi hukata asilimia fulani kwa kila siku, na nusu ya alama ni bora kuliko nafasi tupu.

Mihadhara, madesa na lugha

Kila kozi ina madesa yake, yaani muhtasari na mitihani ya zamani inayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, na mwanafunzi mpya huyapata kabla hata hajaijua njia ya maktaba. Sisemi uyatupe. Mitihani ya zamani ni kipimo kizuri cha kujijaribu baada ya kusoma. Muhtasari wa mtu mwingine, hata hivyo, ni yale aliyoyaona yeye kuwa ya muhimu, na mara nyingi umebeba makosa yaliyonakiliwa miaka mitano mfululizo, kama lile povu. Soma sura iliyotajwa kwenye ratiba kabla ya mhadhara, hata kwa dakika ishirini za kuangalia michoro na maneno mapya tu. Kisha ndani ya saa ishirini na nne baada ya mhadhara, uandike upya hoja kuu bila kutazama.

Lugha ya kufundishia na ya mtihani katika kozi hizi hapa kwetu ni Kiingereza, na wapo wanaokariri sentensi nzima za kitabu bila kujua zinasema nini. Njia ninayowashauri wanafunzi wangu ni kukaa wawili na kuelezana mada kwa Kiswahili cha kawaida. Mweleze mwenzako kwa nini mchicha uliotiwa chumvi hutoa maji bakulini, ukitumia maneno seli, utando, maji na ukolezi, pasipo kutamka osmosisi mpaka mwisho. Ukikwama katikati, umepata mahali hasa ambapo hujaelewa. Ukifika mwisho bila kukwama, kuiandika kwa Kiingereza itakuwa ni kazi ya msamiati tu, na msamiati hujifunzwa.

Majaribio, UE na alama zako

Swali la kidato cha sita mara nyingi lilikutaka utaje na ueleze. Swali la chuo kikuu hukuweka mbele ya tukio. Kwa mfano: chembe nyekundu za damu na seli za ngozi ya kitunguu zimewekwa kwenye maji yasiyo na chumvi yoyote, eleza kilichozipata na kwa nini hatima yake ni tofauti. Anayeandika maana ya osmosisi kwa mistari sita atapata alama moja au mbili. Swali linataka useme kwamba maji yameingia katika seli zote, kwamba chembe ya damu imevimba na kupasuka kwa sababu ina utando pekee, na kwamba seli ya kitunguu imekuwa ngumu bila kupasuka kwa sababu ukuta wake umeuzuia utando usitanuke zaidi. Aliyefanya maabara yake mwenyewe huliona swali hili akiwa ameshaziona seli hizo, na ndiyo maana nimekaa muda mrefu kwenye maabara na mfupi hapa. Soma idadi ya alama pembeni ya swali uijue idadi ya hoja zinazotafutwa. Katika chumba cha mtihani usiwe hata na kipande cha karatasi mfukoni, kwa sababu adhabu ya kukutwa nacho katika UE hufikia kufutiwa masomo, na hakuna anayekuuliza kama ulikuwa umekisoma.

Karatasi ya jaribio ikirudishwa, isome siku hiyo hiyo. Ukiona kosa la kujumlisha, au jibu ambalo halikusahihishwa, nenda katika saa ambazo mhadhiri ametenga kwa ajili ya wanafunzi, ukiwa na karatasi yenyewe. Uliza ulipoteza wapi alama na jibu kamili lingekuwaje. Ombi la kuongezewa alama kwa sababu ya mkopo, ufadhili au wazazi humweka mhadhiri mahali ambapo hana ruhusa ya kukusaidia hata akikuhurumia, lakini swali kuhusu jibu humfungulia mlango wa kukueleza, na likifichua kosa la usahihishaji, alama hurekebishwa kwa halali.

Kabla ya wiki ya mitihani, idara hutoa orodha ya koswek, ambayo CR huisambaza au hubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mmoja aihakiki. Weka faili moja tangu wiki ya kwanza yenye kila ripoti na kila jaribio lililosahihishwa, na ulinganishe mstari kwa mstari. Namba ya usajili iliyokosewa tarakimu moja hupeleka alama zako kwa mtu mwingine, na kuirekebisha kabla ya UE ni kazi ya dakika tano, ilhali baada ya matokeo kutoka ni barua na vikao. Faili hilo hilo litumie kurudia: funika majina ya mchoro mmoja baada ya mwingine, uchore upya kutoka kichwani, kisha uhesabu ukuzaji. Siku ya UE fika na kitambulisho, kikokotoo kinachoruhusiwa, rula, na penseli mbili za HB zilizochongwa, maana hata humo mchoro hauchorwi kwa wino.